Kila Mtoto na Siku Zake

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, ndani yake punje chache za mahindi. Yule dada alilificha nyuma ya mgongo, akazunguka taratibu mpaka nyuma ya mtoto aliyekuwa amepakatwa na mama yake barazani, akalitikisa upande wa sikio la kushoto.

Mtoto hakugeuka.

Akasubiri kidogo, akahamia kulia, akatikisa tena. Mtoto alikuwa anachezea kifungo cha gauni la mama yake. Akaendelea na kifungo chake.

"Mkaidi huyo," mama akasema huku anacheka. "Kachukua kwa babu yake. Yule naye umwite mara kumi, hageuki."

Majirani wawili waliokuwa wanachambua mchele wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Dada hakucheka, wala hakununa. Alikaa mkekani, akampa mtoto lile kopo achezee, halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya nazi: "Usiku umeme ukikatika, ukimwita gizani, anafanyaje?"

Mama akanyamaza.

Hii ilikuwa Muheza, mwezi wa saba, machungwa yamerundikwa kando ya barabara mpaka unapita upande upande. Sikwenda kuhudhuria kazi ya mtu. Nilikuwa napelekwa kwa fundi cherehani, na dada huyu, jirani wa mamangu mdogo, ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mtaani wanamwita mama wa kadi kwa kuwa kila nyumba anayoingia, baada ya salamu, anaomba kadi ya kliniki. Akasema tupitie nyumba tatu njiani. Hii ilikuwa ya tatu.

Gauni langu lilishonwa, nimeshalivaa mara mbili. Ule ukimya bado ninao, wiki ya sita sasa.

## Niliyoyasema Korogwe

Miaka minne iliyopita tulikuwa Korogwe kwenye arobaini ya shangazi. Watu wengi, masufuria makubwa, watoto wanalala popote. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alinivuta nyuma ya nyumba karibu na pipa la maji. Mwanawe wa kwanza alikuwa na miezi 11.

"Wifi, mbona hakai? Nikimkalisha anaanguka kama gunia. Na mikono hii, angalia, anakunja ngumi tu."

Nilimwangalia mtoto. Mzuri, mnene, anatabasamu. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa ndani ya ngumi, mikono yote miwili. Nakumbuka nilijaribu kumkunjua, nikahisi mkono unakataa, kisha nikauacha.

Nikamwambia: "Usijitie presha. Kila mtoto na siku zake. Wa kiume wanachelewa. Hata mumeo, mama anasema alitembea na mwaka na nusu."

Wifi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Tukarudi kwenye masufuria.

Sikuwa na nia mbaya, na sijiandikii hapa hati ya mashtaka. Ila nataka niiseme sawasawa ile sentensi ilivyofanya kazi. Kabla yangu, wifi alikuwa na swali. Alikuwa amelibeba kutoka nyumbani, akalipitisha katikati ya msiba, akamtafuta mtu mmoja wa kumwuliza. Nilipomaliza kuongea hakuwa nalo tena. Nilimpokea swali lake nikalizika, nikamrudisha kwa watu akiwa mwepesi.

Halikufufuka mpaka mtoto alipokaribia miaka 2 na nusu. Mtindio wa ubongo. Uchungu ulikuwa umechukua siku mbili, na mtoto hakulia alipozaliwa. Wifi alikuwa ameyasema hayo yote tangu mwanzo, kwa kila aliyemsikiliza. Tulikuwa tukiyasikia kama hadithi ya uzazi.

Wapo watakaosema hata angepelekwa mapema, ubongo ulioumia haurudi. Kweli, haurudi. Lakini jeraha la ubongo huwa halikui. Mwili ndio unaobadilika kila mwezi. Msuli uliokaza usiponyooshwa unazidi kukaza, nyonga inavutwa, uti wa mgongo unapinda, na mtoto anayelishwa amelala chali anapaliwa, chakula kinaingia njia ya hewa, anapata homa ya mapafu, mnasema kifua chake kibovu. Mengi ya hayo mama anaweza kufundishwa kuyazuia kwa mikono yake mwenyewe, mkekani, bila mashine. Mkao. Namna ya kumbeba. Kumlisha amekaa, kichwa kimeinama kidogo mbele. Miezi ile tuliyompa mtoto "siku zake" ndiyo iliyokuwa miezi ya kujifunza hayo.

## Neno ambalo kila mtu alilijua

Nilimwuliza mama wa kadi kwa nini hakumwambia yule mama moja kwa moja kwamba huenda mtoto hasikii.

"Mimi si daktari," akasema. "Nimeona hajageuka, basi. Nikisema zaidi ya nilichoona nimemtukana. Na nikisema mbele ya wale wachambua mchele, kesho atasikia jina la mtoto wake bombani."

Kisha akaniambia kitu ambacho nilikijua tangu utotoni lakini sikuwahi kukitazama. Sisi huku hatukosi maelezo ya mtoto anayechelewa. Tunayo mengi mno. Kabla mhudumu hajafika mlangoni, nyumba imeshapewa sababu, na karibu kila sababu inamwangukia mama.

Mtoto hakai, hasimami dede, miguu laini: kabemendwa. Kwa mtu wa Pwani sina haja ya kulieleza neno hili. Anayelisikia anajua papo hapo nini kinadaiwa kuhusu mama wa mtoto, au baba, na usiku wao: kwamba walivunja mwiko wa kukutana kimwili mtoto angali ananyonya. Sasa fikiria mama huyo anabeba mtoto wake kwenda foleni ya kliniki, mbele ya wanawake 40, kusema mwanangu ana mwaka na hakai. Anakwenda kujitangaza. Wengi hawaendi. Wanamfunga hirizi, wanamkanda kwa mafuta, wanamfukia mchangani hadi kiunoni alfajiri ili miguu ikaze, na wageni wakija mtoto anakuwa "amelala".

Wifi aliniambia mwaka huu kwamba mamake mkwe wa jirani alimwuliza waziwazi: "Mlikosana nini na mumeo ukinyonyesha?" Mtoto alikuwa na miezi 9. Miezi miwili kabla ya Korogwe. Kwa hiyo aliponivuta kwenye pipa la maji hakuwa anauliza habari ya kukaa tu.

Degedege nalo vivyo hivyo. Muheza ni kwenye malaria tangu enzi na enzi, na homa kali ya mtoto inapopanda na kumtikisa, wapo bado wanaoamini sindano itamuua, kwamba dege aliyempitia lazima atolewe kwanza kwa moshi. Malaria iliyopanda kichwani haisubiri moshi umalizike. Mtoto anayepona anaweza kubaki na kifafa, au mkono usiofanya kazi, au maneno aliyokuwa nayo yakapotea. Na yakipotea tunarudi kulekule: dege kamwachia alama.

Sijawahi kumsikia mama wa kadi akiyabishia hayo. Nilimwuliza hata hilo, nikitarajia ataniambia anapambana na imani potofu, maana ndivyo tunavyoandika kwenye mabango. Alisema, "Namwambia mganga hazuii masikio kupimwa. Aende kote, ila kwangu asichelewe."

Hapo nilibisha. Niliona ni kulegeza. Moshi ni moshi, na mtoto mwenye degedege hana saa moja ya kupoteza. Akakubali: kwa degedege hana mzaha, anamwita bodaboda mwenyewe. Lakini kwa mtoto asiyekaa, asiyesikia, asiyetazama usoni, ukianza kwa kumvua mama hirizi, mlango unafungwa, na mtoto yuko ndani ya mlango huo.

Sijui kama nimekubali kabisa. Nimeacha kubisha.

## Miezi tisa inayopita kimya

Jambo jingine sikuwa nimelifikiria mpaka nilipokaa na kadi za kliniki mapajani.

Mtoto wa Tanzania anachanjwa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu miezi 9, halafu miezi 18. Tunaambiwa tumpeleke kupima uzito kila mwezi mpaka miaka 5, lakini semeni ukweli, kina mama: baada ya sindano ya surua ya miezi 9, nani anaacha genge lake kwenda kuning'iniza mtoto kwenye mizani? Tunakwenda penye sindano.

Sasa angalia nini hutokea kati ya miezi 9 na 18. Kusimama dede. Hatua ya kwanza. Kunyoosha kidole kuonyesha kuku. "Baba." "Mama." Yaani miezi ambayo mtoto anatangaza mambo yake ndiyo miezi ambayo hakuna anayemtazama isipokuwa mama na majirani wenye maelezo tayari.

Na hata tukienda, swali la foleni ni kilo ngapi. Mtoto wa wifi yangu alikuwa na kilo nzuri. Nukta zake zilipanda kwenye kijani, mwezi baada ya mwezi, na kila nukta ikatufariji.

Nilitafuta hiyo "kila mtoto na siku zake" kama ina ukweli, na nilifurahi kukuta inao. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likachapisha mwaka 2006. Kukaa bila kushikiliwa: wa mapema waliweza kabla ya kutimiza miezi 4, wa mwisho baada kidogo ya miezi 9. Kutembea wenyewe: kuanzia miezi 8 hadi karibu miezi 18. Watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, waliruka hatua hiyo wakasimama. Kwa hiyo wazee hawakudanganya. Siku ni nyingi na zinapishana.

Ila zina mwisho. Mtoto wa Korogwe alikuwa na miezi 11, na mimi nikamlinganisha na kaka yangu aliyetembea kwa mwaka na nusu, nikisahau kwamba kaka yangu alikuwa ameshakaa zamani.

Hiki ndicho kilichonishika kwa mama wa kadi. Kwenye mkoba wake hana chombo chochote cha ajabu: kopo la mahindi, kitambaa chekundu cha kuning'iniza mbele ya macho, kikombe cha plastiki, na karatasi iliyochakaa yenye miezi na michoro. Kazi yake yote ni kutozika swali. Akiliona analishika, analipeleka.

## Halafu?

Lakini kuna siku hunijia shaka kubwa, na sitaki kuipita haraka.

Tunazo siku za uhamasishaji. Tarehe 21 Machi ya Down syndrome, 2 Aprili ya usonji, 6 Oktoba ya mtindio wa ubongo, 3 Desemba ya watu wenye ulemavu wote. Fulana, spika, hotuba. Mama wa kadi alihudhuria moja, akatoa elimu vizuri, na baada ya hotuba akajikuta amezungukwa na wanawake saba, kila mmoja na mtoto mgongoni. Mmoja akamwambia: "Nimekuelewa. Wangu ndiye huyo uliyemtaja. Halafu?"

Hakuwa na jibu. Mgeni rasmi alikuwa ameshaondoka.

"Yule mama nilimwambia kabla sijajua pa kumpeleka," aliniambia. "Nilimpa ugonjwa, sikumpa njia. Akarudi nyumbani mumewe akamwuliza umetoka wapi na maneno hayo. Sirudii tena."

Ni kweli kwamba mhudumu asiye na pa kumpeleka mtoto anaweza kumwongezea mama jina tu la kumwogopesha. Kutoka Muheza kwenda Tanga mjini hazifiki kilomita 50, lakini mazoezi ya viungo si safari moja. Ni kila wiki, au kila baada ya wiki mbili, na mtoto wa miaka 3 asiyeshika shingo hapakatwi kwenye Hiace iliyojaa bila mtu kusonya. Nauli mbili, siku ya genge imepotea, mtoto mwingine kaachwa kwa jirani. Kuna waliokwenda mara moja, wakaambiwa wamechelewa, wakarudi wakiwa na aibu kuliko walivyoondoka. Kituo kimoja, sitakitaja, kilimwambia mama wa mtoto wa namna hii mbele ya foleni nzima: "Ulikuwa wapi siku zote?"

Alikuwa anatuuliza sisi. Huko ndiko alikokuwa.

Mwaka 2021, mwezi wa Desemba, nchi ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Tarehe 31 Januari 2024 ukazinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa wa Tanzania Bara. Nilipoigawa ile namba nikaona inalingana na vitongoji na mitaa yote, nilifarijika kwa dhati. Mtu fulani alihesabu hadi kitongoji cha mwisho. Nawaombea wafike wote, na wafike wakiwa na posho inayolipwa kwa wakati, maana mama wa kadi alianza kwa kujitolea bure na kuna miezi aliyotembea akiwa na njaa. Mtu mwenye njaa naye huanza kuruka nyumba.

Lakini shaka haikunitoka kwa namba. Ilinipungua kidogo aliponionyesha daftari. Siku hizi hamwambii mama neno lolote mpaka aandike mambo matatu pembeni: wapi, siku gani, nani anamsindikiza. La tatu ndilo gumu. Akikosa mtu, anakwenda mwenyewe. Ukurasa niliouona ulikuwa na watoto 11. Mbele ya majina sita palikuwa na "nani" mmoja yuleyule, na alikuwa yeye.

Kwenye daftari hilo hilo niliona kitu kingine, kidogo, pengine si kila mtu kitamgusa. Haandiki "kiziwi", haandiki "kilema". Lugha yetu iliwaweka watu hawa pamoja na kiti na kisu: kipofu, kiziwi, kiwete. Yeye ameandika "hageuki akiitwa". "Anashika kwa mkono wa kushoto tu." "Hatazami, ila anapenda kuimbiwa." Ukisoma unamwona mtoto.

## Gizani

Yule mama wa kopo alikasirika. Tulipotoka tu alianza kusema kwamba mama wa kadi kamwita mwanawe kiziwi, na wachambua mchele wakalisambaza vizuri. Kwa wiki mbili mhudumu akipita, mlango ulikuwa umerudishwa.

Wiki ya tatu umeme ulikatika mtaa mzima, saa mbili usiku. Mama akamlaza mtoto kitandani, akasogea hadi mlangoni, akamwita. Akamwita tena. Hayo alimsimulia mama wa kadi mwenyewe, kesho yake asubuhi, akiwa amesimama uani kwake na kadi mkononi. Alimwita mara ya tatu kwa kelele, mtoto akaendelea kulia gizani kana kwamba yuko peke yake duniani.

Wameshakwenda mara moja. Masikio yamesafishwa, wamepewa tarehe ya kipimo kamili Tanga. Aliyeandikwa mbele ya "nani" ni mmoja wa wachambua mchele.

## Maboksi

Nimempigia wifi simu. Nilizunguka sana, nikaulizia mvua, nikaulizia kaka, mwisho nikamwambia ninachokumbuka cha Korogwe. Nilitaka aniambie kwamba hakumbuki.

"Nakumbuka, wifi," akasema. "Uliponiambia vile nililala usingizi. Nilikuwa sijalala vizuri tangu azaliwe."

Nikashindwa kuongea. Akaendelea yeye, hana neno, kuniambia kuwa mtoto sasa anacheka akisikia pikipiki ya baba yake inakata kona, na kwamba tatizo lake la sasa ni kiti. Amekua, beseni lililojazwa kanga halimtoshi tena, na akilala tu haoni chochote isipokuwa bati.

Mama wa kadi anajua viti hivyo. Wanavitengeneza kwa maboksi. Unabandika tabaka juu ya tabaka kwa uji mzito wa unga wa ngano, unakandamiza kwa mawe, unaacha likauke likawa gumu kama ubao. Mgongo wake ni kona, ili mabega ya mtoto yaje mbele na mikono ikutane. Katikati ya mapaja kinawekwa kigingi, miguu isipishane. Vipimo lazima vitoke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wifi amevichukua kwa uzi, kama alivyoelekezwa: kutoka matakoni hadi kwenye uvungu wa goti, kutoka goti hadi kisigino. Kaniletea nyuzi tano kwa basi, kila moja ina fundo.

Jumamosi nilikwenda dukani kuomba maboksi ya sabuni. Mwenye duka akaniuliza kama nahama. Nikamwambia ni kiti cha mtoto wetu, hakai mwenyewe, ana miaka 5. Akanitazama, akaingia stoo, akatoka na maboksi ya mafuta ya kupikia, mazito zaidi. Kisha akabaki ameyashikilia hajanipa.

"Dada," akasema, akiteremsha sauti, "binti yangu ana mtoto. Mwaka na miezi minne. Anatembea vizuri, ila hatutazami."

Niliyasikia yale maneno yakipanda kooni, yote, tayari kutoka: wa kiume wanachelewa, kila mtoto na siku zake. Nikayameza.

"Anapenda nini?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Kuzungusha mifuniko ya sufuria. Anaweza saa nzima."

Nikaandika nyuma ya risiti. Namba ya mama wa kadi nimempa, na Jumatano tunakwenda wote watatu kwa binti yake. Tabaka la nne la kiti bado bichi. Jana imenyesha, nimeliingiza ndani na kulilaza juu ya meza ya chakula, mawe juu yake.